Mlo Mmoja wa Hadhi Mjini Istanbul

Siku hizi familia nyingi za pwani yetu zinapokwenda Umra hupitia Istanbul wakati wa kurudi. Mawakala wa safari wameliona hilo na kuziunganisha ziara mbili kuwa moja: kwanza Makka na Madina, kisha siku tatu au nne za Uturuki, watoto nao wapate kuiona misikiti ya masultani na kuvuka maji ya Bosphorus kutoka Ulaya hadi Asia. Wanaorudi hutusimulia misikiti, masoko na baridi. Kuhusu chakula husema kwa ufupi kwamba walikula kababu, basi.

Ilhali chakula, kwa mzazi aliyesafiri na watoto, ndicho chenye mashauri mengi kuliko yote. Kifungua kinywa hutolewa mnapolala, na mchana mkate na jibini huweza kutosha. Lakini kuna ile ahadi. Aghalabu mzazi huwaahidi wanawe, kabla ya kuondoka nyumbani, kwamba siku moja huko ugenini watakaa mahali pazuri, wahudumiwe, wale mlo wa kukumbukwa. Fedha za mlo huo huwekwa kando mapema, na hazitoshi kwa mlo wa pili. Ni mlo huo mmoja ninaotaka kuuzungumzia leo, kwani tulikwenda huko, mimi na mke wangu na watoto wetu watatu, mwezi wa Disemba shule zilipofungwa, na tangu turudi akina mama kadhaa wameniuliza jambo hilo hilo baada ya darsa.

La kwanza ni khamri. Wengi wetu huingia Istanbul na dhana kwamba, maadamu adhana inasikika kila upande, kila mlango wa mkahawa ni mlango wa halali. Kwa upande wa nyama hakuna shida kubwa: nguruwe ni nadra sana huko, na wachinjaji ni Waislamu. Lakini khamri huuzwa katika mikahawa mingi, hususan ile ya ukingoni mwa maji, yenye taa na vioo na mandhari ambayo vijana wetu huyaona katika simu zao. Mikahawa iitwayo meyhane ndiyo kabisa: jina lenyewe maana yake ni nyumba ya mvinyo. Na mkahawa kuwa hatua chache kutoka msikitini kusikupe yakini.

Imepokewa kwa Tirmidhi na wengineo kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza mwenye kumwamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa khamri. Kuhusu ukumbi ambao meza za wengine zina khamri nayo ya kwako haina, wanazuoni wana maelezo marefu, na msafiri asiyepata pengine pa kula ana hukumu yake. Lakini familia iliyo katika mji wenye maelfu ya mikahawa haina dharura ya kuitolea hoja. Na watoto wanatazama.

Kituruki huandikwa kwa herufi hizi hizi zetu, kwa hivyo kusoma si kazi. Ukiona neno içkili, ujue pana kileo. Ukiona içkisiz au alkolsüz, hakuna. Pasipo na maandishi, uliza: İçki var mı? Tamka "ichki var mi", yaani "kuna kileo?" Uliza mlangoni, kabla hamjavua makoti. Familia nyingi za Kituruki nazo huchagua kwa kipimo hicho hicho, wala hutaonekana mtu wa ajabu.

Sisi tulianzia upande wa Ulaya, jioni, karibu na maji, kwa matakwa ya binti yetu mkubwa ambaye ana miaka 16. Mahali penyewe alipachagua tangu Mombasa, na picha zake alikuwa amewaonyesha wadogo zake mara nyingi hata wakapajua kama pao. Nilimuuliza mhudumu aliyesimama mlangoni. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliweka mkono kifuani, akasema kweli kwamba wanauza, kisha akatuelekeza kwa kidole ng'ambo ya pili akasema kwamba familia hufurahi zaidi huko, Üsküdar. Tukamshukuru, tukageuka.

Mwanangu wa kati, mwenye miaka 9, akauliza, "Aba, si hii ni nchi ya Waislamu?" Nikamwambia kwamba ni nchi ya Waislamu, na ndani yake wapo wanaokunywa na wasiokunywa, kama Mombasa. Jibu likamtosha. Dada yake alitembea kimya hadi kituo cha tramu, na hapo ndipo alipotamka: "Kwa nini kila mara sisi ndio wa kuondoka? Palipo pazuri si petu."

Nilikuwa na aya na hadithi mdomoni. Mke wangu akanitazama, nikazimeza.

Neno lile lilinikaa kifuani usiku kucha, kwani lina ukweli ndani yake. Tunawaonyesha watoto wetu milango iliyofungwa, na hiyo ni wajibu wetu. Lakini mara nyingi tukishaufunga mlango, tunawapeleka popote palipo karibu, tuwanunulie chochote cha kutia tumboni, kana kwamba halali ni makombo ya starehe za wengine. Mtoto wa miaka 16 hahitaji kitabu ili aone tofauti hiyo. Kama mlo wa hadhi ulikuwa haki yao tulipokuwa mlango wa kwanza, basi ulibaki kuwa haki yao baada ya kuondoka pale, na ilikuwa juu yetu wazazi kuutafuta kwa bidii ile ile.

Usiku ule tulikula supu ya dengu kwenye kibanda cha jirani, ambayo ilikuwa tamu na ya moto, na hakuna aliyeihesabu. Watoto walipolala tukakaa na mke wangu kupanga upya.

Yeye ndiye aliyesema tuuhamishe mlo kutoka usiku hadi mchana. Sijapata kusikia shauri la safari lenye manufaa kuliko hilo. Disemba giza huingia mapema, Magharibi huadhiniwa kabla ya saa kumi na mbili, na baridi ya jioni huwauma watoto wetu waliozoea joto. Wale wanaokwenda mwezi wa Juni hukutana na kinyume chake: jua huzama karibu saa tatu kasorobo usiku, na Isha hupita saa nne. Katika hali zote mbili mtoto aliyezunguka kutwa hufika mezani akiwa amechoka, na chakula cha fahari hulala sahani moja na usingizi wake. Mchana ana njaa safi na macho yaliyo wazi. Tena kwetu Mashafii, msafiri asiyenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ana ruhusa ya kupunguza swala na kuzikusanya, hivyo Adhuhuri na Alasiri zikiswaliwa pamoja hamna haja ya kuinuka mezani kwa pupa. Ila ukiswali nyuma ya imamu mkazi utakamilisha rakaa nne pamoja naye.

Jambo la pili lilikuwa fedha. Katika mikahawa ya samaki, samaki huonyeshwa juu ya barafu na bei huhesabiwa kwa uzani. Uliza bei ya samaki yule uliyemchagua, mzima, kabla hajaingia jikoni. Kuna pia sahani ndogo ndogo za mwanzo ziitwazo meze, ambazo mhudumu huja nazo katika sinia kubwa. Mgeni hudhani ni takrima, kumbe kila inayoteremshwa mezani hulipiwa. Hakuna hila hapo, ni desturi yao, lakini baba mwenye watoto watatu wenye mikono myepesi aijue mapema.

Na kwa kuwa nimetaja bahari: barabarani utaona kome waliojazwa wali, wakiuzwa kwa kukamuliwa ndimu. Kwa madhehebu yetu viumbe vya baharini kwa jumla ni halali, ilhali Mahanafi, ambao ndio wengi Uturuki, huruhusu samaki tu. Kwa hivyo usishangae mzee wa Kituruki akimkataa kome ambaye wewe unamtamani. Mimi niliwakataza watoto kwa sababu nyingine, kwamba sikujua wamekaa juani tangu saa ngapi.

Palibaki pa kuchagua. Mbele ya msikiti wa Süleymaniye, ambao mjenzi mkuu Sinan aliumaliza mwaka 1557, iko safu ya vijumba vilivyokuwa sehemu ya madrasa za msikiti ule. Leo ni mikahawa ya maharagwe meupe, kuru fasulye, yaliyopikwa taratibu na nyanya na kuletwa na wali na achari. Msikiti huo ulijengwa na jiko lake, imaret, lililowalisha wanafunzi, wasafiri na mafakiri, na mimi niliyesoma chuoni kwa ubao na mkeka nilikula pale kwa raha ya pekee. Mwanangu alisema, "Tumetoka Mombasa kuja kula maharagwe?" kisha akaifuta sahani kwa mkate. Bei ni nafuu na khamri haipo. Lakini watu ni wengi, unakula unaondoka, na mlo wa hadhi unataka nafasi ya kukaa.

Karibu na msikiti wa Sultan Ahmet kuna duka la vijinyama vya kuchoma, Sultanahmet Köftecisi, lililoanza mwaka 1920. Orodha yake ya vyakula ni fupi kama kauli ya mtu mkweli: vijinyama, saladi ya maharagwe, halua ya semolina, na machache mengine. Mwenye mtoto mchaguzi wa chakula ampeleke hapo. Yako pia maduka ya vitamu vya maziwa, muhallebici, ambamo kuna wali wa maziwa uliounguzwa juu, na kimoja kiitwacho tavuk göğsü, ambacho kimetengenezwa kwa maziwa na kidari cha kuku kilichochambuliwa hata kisitambulike. Watoto hawakuamini mpaka nilipokula nijiko la pili. Mahali hapa ni pazuri kwa jioni, baada ya Isha, wala si kwa ule mlo wenyewe.

Sasa huyu wa kati, siku moja kabla, alikuwa amezunguka katika majiko ya kasri ya Topkapı, ambayo Sinan aliyajenga upya baada ya moto wa mwaka 1574. Aliyaona mabomba ya moshi na masufuria ambayo yangemtosha yeye kuogea, na sahani za Kichina za aina inayofanana na zile zilizopachikwa katika kaburi la mnara kule Mambrui. Tangu hapo alitaka chakula cha sultani, si kingine. Mdogo wao, mwenye miaka 5, alitaka wali. Dada yao hakusema anataka nini.

Tukavuka. Feri kutoka Eminönü hadi Üsküdar huchukua dakika 20 hivi, na nauli hulipwa kwa kadi ile ile ya tramu. Mdogo alitangaza kwamba ni kama Likoni, ila hii ina viti na wanauza chai. Ndege wa baharini walitufuata wakidakia vipande vya mkate. Ukishuka tu gatini unakabiliana na msikiti wa Mihrimah Sultan, uliokamilika mwaka 1548. Sinan ndiye aliyeujenga, na kwa jina la nani? La binti wa Sultan Süleyman. Nilimwambia hayo binti yangu wakati tukipanda ngazi, wala sikuongeza neno. Aliswali Adhuhuri na mama yake upande wa wanawake, wakachelewa kutoka, nikajua kuna mazungumzo.

Hatua chache kutoka hapo ipo lokanta iitwayo Kanaat. Lokanta ni mkahawa wa vyakula vya nyumbani vilivyopikwa tayari, ambavyo hupangwa nyuma ya vioo. Hii ilifunguliwa mwaka 1933 na haiuzi khamri. Jina lake limenipendeza kuliko vyote nilivyoonja: ni lile neno la Kiarabu qanaa, ambalo kwetu limezaa kukinai na ukinaifu. Waturuki wameliandika mlangoni kwa mkahawa, sisi tumelibakisha kwa tumbo lililoshiba na moyo ulioridhika. Nilitaka kulieleza kwa urefu, lakini watu watano walikuwa na njaa.

Uzuri wa lokanta kwa watoto ni vile vioo. Katika mkahawa wa fahari, mtoto hupewa karatasi asiyoweza kuisoma, baba hukisia, na kinacholetwa sicho alichokidhania. Huanza kununa na mama huanza kuona haya. Hapa mtoto husimama mbele ya chakula chenyewe na kuonyesha kwa kidole. Mpishi humwinamia, humwuliza kwa ishara kama anataka zaidi, na husema "Maşallah." Akina mama wajue hilo: Waturuki hupenda watoto wa watu waziwazi, hushika mashavu na hutaka kuwabeba. Aliye na wasiwasi wa jicho ajue kwamba neno la Mashaallah halikosekani vinywani mwao.

Mdogo alionyesha wali, akapewa wali wenye siagi. Kwa yule mwana wa kasri tulipata nyama ya kondoo iliyowekwa juu ya biringani lililochomwa na kupondwa pamoja na maziwa na jibini. Waturuki hukiita chakula hicho hünkâr beğendi, maana yake "sultani amekipenda". Alipotafsiriwa jina alinyamaza kwa heshima. Mke wangu alichukua mboga zilizojazwa wali na kupikwa kwa mafuta ya zeituni, zinazoliwa baridi. Alizichunguza moja moja kwa jicho la mpishi na kuniambia kwamba ndani mna mdalasini. Binti alizunguka vioo mara mbili. Mwisho alichagua sahani tatu ndogo badala ya moja kubwa, akaomba ziwekwe katikati ili kila mtu aonje.

Sahani zikiwa katikati, mikono ya watoto huanza kusafiri. Imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka katika sahani. Mtume alimfundisha alitaje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Nilipokuwa kijana nilidhani hadithi hii inahusu adabu peke yake. Siku hizi naiona na nafasi aliyopewa mtoto yule: alikuwa ameketi sahani moja na Mtume, hakutengwa na kijisahani chake pembeni, na ndipo akafundishwa. Meza ya hadhi kwa mtoto ni ile anayoketi pamoja na wakubwa na kula wanachokula.

Tulikaa karibu saa mbili. Hakuna aliyetuharakisha. Katika lokanta za zamani, nyingine zina chumba cha familia, aile salonu, mara nyingi ghorofani, na mama mwenye mtoto anyonyaye apaulizie. Tuliposhiba, bado tulikuwa na zaidi ya nusu ya fedha zilizowekwa kando. Mke wangu alizihesabu chini ya meza, na kwa mara ya kwanza safarini akaagiza kitamu bila kuangalia bei.

Tulitoka tukashika njia ya pwani kuelekea Salacak, mwendo wa robo saa, wa kitoto labda nusu. Hapo mnara mdogo mweupe umesimama majini, Kız Kulesi, Mnara wa Msichana, na kando ya barabara kuna ngazi zinazoshuka hadi ukingoni ambapo familia huketi juu ya matandiko na kunywa chai. Ng'ambo ilionekana yote kwa pamoja: kasri ya Topkapı, kuba la Ayasofya, minara ya Sultan Ahmet. Jua lilikuwa linateremka nyuma yake. Binti yangu alitoa simu, akapiga picha nyingi, kisha akaiweka mfukoni na kutazama kwa macho yake.

"Jana tungekaa kule," alisema, "tusingekuwa tunaiona Ayasofya. Tungekuwa tumekaa chini yake."

Mama yake akacheka. Mimi niliangalia maji.

Alikuja mzee mwenye sinia kutuonyesha mahali pa kukaa. Kabla sijafungua kinywa, binti alimtangulia: "İçki var mı?" Mzee aliitazama bahari, akaitazama sinia yake ya bilauri ndogo, akamjibu kwa upole, "Çay var." Ipo chai. Tukaketi, bilauri tano, na mdogo akataka vipande viwili vya sukari, vyote mkononi.